Bâche ya Candidat kwenye Matanga ya Phinées

Phinées alipouawa na waasi shambani kwake upande wa Mangina, akichuma kakao, vyama vya siasa vya Beni vilijua habari kabla shangazi zake hawajajulishwa. Ndivyo ilivyo wakati wa kampeni: maiti bado haijaoshwa, washauri wa vyama wamekwisha kuiandalia hotuba.

Dada yake, Jokébed, alikuwa mama wa kwaya mwenye sauti ya kutikisa mabati na mdomo usioogopa hata mchungaji. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu: kaka yake azikwe kama mtu, si kama mkutano wa chama.

Wa kwanza kufika alikuwa Esdras, mpanga mikakati wa Siméon, candidat wa ubunge. Alitoka Butembo, ambako, alisema, wakubwa wa chama walikuwa wameamua kuacha habari za barabara na umeme na kushika za usalama. Alileta mchele na bâche kubwa ya kukinga watu na mvua, yenye sura ya Siméon akicheka meno yote. Akaeleza kwamba Siméon atasema machache mbele ya sanduku, kisha msafara upite katikati ya mji, bendera mbele, marehemu nyuma.

Baba wakubwa wakakaza macho kwenye mchele. Jokébed akapokea vyote, akashukuru kwa adabu, akaagiza bâche ifungwe sura ikitazama mbinguni.

Esdras akamvuta pembeni.

"Mama Jokébed, sasa batu bataona candidat namna gani?"

"Batu bamekuja kulilia Phinées. Candidat, Mungu amutazame. Pale juu anamuona muzuri."

Mvua ya mchana ikayaosha meno ya Siméon. Chini yake akina mama walikaa pakavu wakimenya ndizi, na kicheko kilipotoka mikekani hakuna aliyekemea, maana Phinées mwenyewe asingejizuia.

Siméon alipofika na kipaza sauti, Jokébed alimwamkia vizuri, kisha akamkumbusha desturi ya avenue yao: mwanaume anayetaka kusema matangani huanza kwa jembe, na kaburi lilikuwa bado kuchimbwa. Siméon akatazama viatu vyake. Akasema yeye amekuja kutetea wakulima.

"Aksanti, baba. Donc kesho twende wote Mangina. Kakao ya Phinées imeiva, na sisi tunaogopa kwenda peke yetu. Utasemea kule kule, mahali walimuulia."

Baba wakubwa wakausahau mchele. Esdras akakumbuka ghafla kwamba wanangojewa Butembo. Kisha Siméon, labda kwa aibu, labda kwa Roho Mtakatifu, akavua koti na kuomba jembe. Alichimba vibaya mno, udongo ukirudi shimoni, na wachimbaji wakamcheka bila kujificha. Kipaza sauti hakukiulizia tena.

Jokébed alipoulizwa kama sasa atampigia kura, alijibu kwamba shimo moja halijamfanya mutu kuwa mbunge, tena shimo lenyewe limepinda.

Phinées alibebwa na ndugu zake kwa njia fupi, bila bendera. Mchungaji aliomba. Jokébed aliongoza wimbo mpaka sanduku lilipogusa chini. Hapo akawaachia wenzake wamalizie, akakaa kwenye udongo mbichi, akalia kwa mara ya kwanza.