Rangi Ndani ya Konokono

Mama alipaka rangi ndani ya pampu. Nikikumbuka nacheka kwanza, halafu moyo unalegea.

Tulilima nyanya kwenye mteremko wa ziwa, nje kidogo ya Musoma. Baba alikuwa ametangulia mbele za haki, na mama, mzaliwa wa Butiama kwa wafugaji, alishatamka: maji yasipofika matuta ya juu kiangazi hiki, kaka yake aje amchukue. Mimi sikutaka aondoke. Nyumba ile bila yeye ningeifanyia nini?

Pampu iliyozoea kupandisha maji bila shida sasa ilinguruma tu, maji yakaishia katikati ya mteremko. Nikaifungua. Lile ganda la chuma linalozungusha maji, mafundi huliita konokono, lilikuwa limepakwa ndani rangi ya bluu ya mtumbwi, nene, yenye mabonge. Nikapandwa na mori.

"Mama, nani kafanya hivi?"

"Mimi. Baba yako alikuwaga anapaka kila kitu kabla ya kukiingiza ziwani. Kisishike kutu."

"Mtumbwi unapakwa nje, mama!"

"Na hii, maji inapitaga wapi? Si ndani?"



Nikakaa kivulini, nikalowesha msasa, nikasugua kufuata njia ya maji. Maji huingia katikati, hutupwa pembeni, huzunguka yakiambaa ukuta mpaka yauone mlango wa bomba. Kila bonge huyakwaruza na kuyanyang'anya nguvu kidogo. Kidole kilizunguka, kikazunguka, hata nikajiona nami nimo mle ndani, naelea, mchana unapita mbali huko juu. Bluu ikachuruzika kwenye mawe. Niliumia kuifuta, maana ilikuwa rangi ya mwisho aliyoiacha baba kwenye kopo, na mama aliimaliza yote humo.

Ukuta ulipokuwa laini kama kibuyu cha maziwa, nikaifunga pampu na kuiwasha. Mama alikuwa amepanda juu kabisa, kwenye mdomo wa bomba.

"Yamefika?" nikapaza sauti.

Nikapanda mbio. Nikamkuta ameinama, jembe mkononi, anayafungulia maji njia kwenda tuta la pili, machozi yanamtoka. Hakuniangalia.

"Mpigie mjomba wako," akasema. "Mwambie asije."