Baiskeli Iliyopewa Jina la Ng'ombe

Mume wangu Ahimbisibwe ni mtu mzuri, na siku ile nilitamani kumng'ata.

Tunaishi Kibingo, na tunaishi kwa maziwa. Yanatakiwa yafike kituo cha maziwa Nkwenda kabla ya saa mbili asubuhi. Ikishapita hapo mpokeaji anafunga kitabu chake na hana undugu na mtu. Baiskeli yetu ya zamani ilivunjika foki, ikabaki chuma chakavu, na mume wangu akawa anatembea na dumu begani. Siku tatu mfululizo alichelewa, maziwa yakarudi nyumbani yameganda. Ijumaa mpokeaji akamwambia wazi: Jumatatu usipowahi, nafasi yako nampa mwingine.

Na baiskeli nyingine ilikuwepo! Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kwa mama yangu, kijijini Kamuli, ilikuwa imesimama baiskeli ya marehemu baba, Mbonimpa, mtu aliyefika hapa kutoka Burundi hana hata sufuria. Miaka thelathini aliisukuma na mikungu ya ndizi, akipanda vilima kwa miguu na kushuka amekamatia breki. Nyeusi, nzito, keria ya nondo. Kwenye madigadi ya nyuma aliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: MBONIMPA KAMULI. Mama ametuambia mara ngapi, ichukueni! Na mume wangu, mtoto wa wafugaji, akajibu: "Ile? Ile ni baiskeli ya vibarua. Labda ufute kwanza hilo jina."

Nikaendelea kumenya ndizi. Lakini kusahau? Nisahau vipi, jamani?

Jumamosi akasikia kwamba Rogasian, muuza mitumba wa Nkwenda, ameleta baiskeli ya mashindano. Akaoga, akavaa koti, akachukua fimbo. Nilipoona fimbo nikajua huyu anakwenda kununua ng'ombe. Katika ukoo wao mnunuzi husimama mbali, akitazama pembe, rangi na umbo. Hamgusi mnyama, maana kumgusa ni kumwita mwenye ng'ombe mwongo. Akiridhika, humwita kwa jina atakalompa, kwa sauti, watu wasikie. Jina likishatoka, biashara imekwisha. Na mwanamke hasogei pale.

"Mama Ninsiima, wewe baki," akaniambia.

"Nakwenda kununua chumvi."

"Chumvi ipo."

"Itaisha," nikasema, nikajifunga kitenge.

Haki ya Mungu, ile baiskeli ilikuwa nzuri. Nyekundu ya kung'aa, tairi nyembamba kama vidole vyangu, usukani umejikunja kwenda chini. Rogasian alikuwa ameiegemeza ukutani kama bibi harusi. Ahimbisibwe akasimama hatua kumi, mikono juu ya fimbo, akaanza kuitazama. Mimi niko dukani upande wa pili, chumvi mkononi, damu inanichemka. Inyanyue, baba! Zungusha gurudumu usikilize! Tairi hizo kwenye barabara yetu ya mawe? Na madumu utayaweka wapi, hicho kitu hakina hata keria!

"Inakimbia hii, mzee," Rogasian akasema. "Hujamaliza kupiga mluzi umeshafika."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa taratibu, macho yamelegea. Ninayajua macho yale. Nikaiacha chumvi kaunta na kukimbia, lakini nilichelewa.

"Gaaju!" akaita. Ndivyo kwao wanavyomwita ng'ombe mwekundu.

Rogasian akapiga makofi. "Imeisha hiyo! Jina limetoka!"

"Haijaisha kitu," nikasema. Nikampita mume wangu, nikaukamata usukani mbele za watu. Yeye akafumba macho kwa aibu. Na afumbe! Mimi nimekulia kwenye baiskeli, na baba alinifundisha mahali pa kutazama kwanza: pale fremu inaposhikana na shingo ya usukani. Rangi ya pale ilikuwa nene kuliko kwingine kote. Nikatoa ufunguo wa nyumba, nikakwangua.

"Mama, unaniharibia mali!"

Chini ya rangi palikuwa na ufa. Umezunguka nusu ya bomba, umezibwa kwa gundi.

"Mkwaruzo tu huo," Rogasian akasema.

"Mkwaruzo? Haya. Jifunge dumu la maji mgongoni, panda wewe mwenyewe, ushuke nayo mteremko ule. Panda, Rogasian! Tupo hapa tunakutazama."

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye, na hakupanda.

Watu wakamgeukia mume wangu. Kwao, mtu akiita jina kisha akalikana, habari zake hufika kila zizi kabla yeye hajafika nyumbani. Nililijua hilo. Nililijua, na kwa hasira niliyokuwa nayo sikumwonea huruma hata chembe.

"Jina nalirudisha," akasema kwa sauti ndogo, akaondoka.

Njiani alinitangulia mbali. Nilipomfikia akasema, "Umenivua nguo leo."

Nikapasuka. "Nimekuvua nguo? Na wewe umemvua baba yangu nguo miaka mingapi? Keria ile ndiyo iliyonilisha! Ndiyo iliyoninunulia daftari! Maziwa yako yanaganda njiani, baiskeli nzima ipo, nzima kabisa, unaionea haya kwa sababu ina jina la kibarua! Lakini bomba lenye ufa unalipa jina la ng'ombe wa kwenu! Ungevunjika shingo kwenye ule mteremko, ningekuzika na fimbo yako!"

Tulipofika njia panda nikashika njia ya nyumbani. Yeye akashika ya Kamuli. Usiku ule hakurudi.

Alirudi Jumapili baada ya misa, anaisukuma baiskeli ya baba, ina tope mpaka kwenye kiti. Jumatatu asubuhi akafunga madumu mawili kwenye keria kwa mpira. Mimi nimesimama mlangoni, mikono kifuani, kinyongo kimenijaa.

"Na hii hujaiita jina?" nikamchokoza.

Akachuchumaa nyuma ya gurudumu, mkono kwenye madigadi. Nikajua sasa anakwangua jina. Akatoa leso mfukoni, leso yake nyeupe ya kanisani, akafuta tope mpaka herufi zote zikaonekana.

"Inalo," akasema, akapanda.

Saa tatu alirudi, madumu matupu. Maziwa yamepokelewa, hata saa mbili ilikuwa bado.

"Mpokeaji amesoma madigadi," akasema bila kunitazama. "Akaniuliza, Mbonimpa ndiye nani?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni baba yangu."

Nikamnyang'anya madumu, nikaenda kuyaosha.