Kibuyu cha Kogo Mlangoni Petu

Mwezi uliopita, sokoni Sosiot, mama mmoja muuza vibuyu alifungua kifuniko akanisogezea kibuyu puani. "Sikia harufu," akasema. Ndani mlikuwa na harufu ya makaa ya senetwet, kijiti ambacho wanawake wa Kipsigis hukichoma na kukisagia ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa ya kugandisha. Ni moshi wenye utamu kidogo. Nilisimama pale nikishikilia kibuyu, watu wakinipita, na nikawa na miaka minane tena, nyumbani kwetu karibu na Chepilat.

Sisi asili yetu ni Nyamira. Baba alinunua shamba upande wa Wakipsigis miaka ya sitini, akapanda chai na kufuga ng'ombe mmoja. Mama alifika akiwa bibi arusi asiyejua hata neno moja la majirani. Aliyempokea ni mwanamke mzee wa boma la pili, ambaye sisi watoto tulimwita Kogo, yaani nyanya. Ndiye aliyemfundisha mama kutengeneza kibuyu, na baada ya miaka michache mwanafunzi akampita mwalimu. Wanawake walikuwa wakimletea mama vibuyu vyao avinuse tu.

Kisha mdogo wangu, Onchari, akafa kwa homa ya mapafu akiwa na miezi saba. Tulimzika kando ya migomba. Mama aliporudi kutoka kaburini alilala, akageukia ukuta, na hakutoka tena kitandani. Hakuwa akilia. Ukimpa uji alimeza vijiko viwili, kisha akarudi kwenye ukuta wake. Akina mama wa kanisa walikuja wakaimba, wakamwambia ajikaze, wakaosha vyombo, wakaenda zao.

Mimi pia sikulia. Nakuambia ukweli: sikuhisi kitu. Kama umewahi kuchuma chai asubuhi umande ukiwa baridi, unajua ganzi ile. Unaviona vidole vinachuma, lakini huna hakika kama ni vyako. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima.

Jumapili ya pili baada ya mazishi, jioni, baba alitua kikapu chake mlangoni akasema bila kunitazama, "Kerubo, mama yako asipoamka kufikia Jumapili ijayo, nitakupeleka kwa nyanya yako Nyamira. Siwezi chai na jikoni pamoja."

Basi nikaanza kumwamsha mama kwa nguvu zangu zote. Kesho yake asubuhi nilikimbia ndani nikisema, "Mama, ng'ombe imeingia kwa chai." Ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa pale nje, akitutazama kupitia mlango ulio wazi. Mama hakugeuka. Nikaongeza ng'ombe wa pili, ambaye hatukuwa naye. Hakugeuka.

Mchana huo Kogo alikuja. Hakusema pole. Aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda akiwa na kibuyu na ile brashi ndefu ya ufito wa mtende, akakiwasha kijiti jikoni kwetu, akatia makaa ndani ya kibuyu na kuanza kusugua taratibu. Nyumba ilijaa sauti hiyo moja. Alipochoka alikisogeza kibuyu puani pa mama.

"Mama Kerubo, hii kipuyu iko tayari?"

Mama aliendelea kutazama ukuta.

"Haya," Kogo akasema, wala hakukasirika. Akitoka alinisogezea kibuyu na mimi. "Na wewe?"

"Iko tayari," nikajibu bila kunusa.

"Haya."

Jumanne alirudi na kibuyu kilekile. Nami, nilipoulizwa, nilijibu tena kwamba kiko tayari, nikamfuata Kogo hadi njiani nikiwa na hasira. "Kogo, mwambie aamke. Wewe unamsugulia kibuyu tu."

Akasimama. "Wewe unavuta mama kama ndama kwa kamba. Ndama ukivuta sana inafanya nini?"

"Inakaa chini."

"Si umeona," akasema, akaenda.

Jumatano mama alisema neno la kwanza, uso ukiwa ukutani. "Bado." Alhamisi akasema moshi ni mbichi. Ijumaa aliuliza kijiti kilikatwa lini. Kila siku Kogo aliitikia "haya" na kuondoka, na kila siku aliniuliza mlangoni nikamjibu upesi kwamba kiko tayari.

Jumamosi mama aliketi. Nywele zilikuwa zimelala upande mmoja. Alinyoosha mkono. "Lete. Unasugua kama mtu anafukuza kuku."

Kogo akacheka mpaka akashika mbavu. Mama akasugua, viganja vikawa vyeusi, mpaka sauti ndani ya kibuyu ikabadilika ikawa laini. Ndipo akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka mahali asipopajua. "Kerubo amekula?"

Sikupelekwa Nyamira. Jumapili nilikula ugali aliosonga mama, nikisubiri furaha ije. Haikuja. Nilikula tu.

Siku hizi, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, mimi hukaa na watu waliofiwa. Wengi huniambia kwa aibu kwamba hawasikii kitu. Huwaambia ganzi si ubaya wa moyo. Vidole vilivyokufa ganzi havipigwi. Unavipulizia pumzi, unangoja. Huwapa kitu kidogo washike, wakiangalie, wanieleze kilivyo leo, si kilivyopaswa kuwa. Nilidhani nilijifunza hayo chuoni.

Lakini pale Sosiot, pua ikiwa kibuyuni, nilikumbuka lile swali la mlangoni. Kwa miaka yote nilidhani Kogo aliniuliza kwa adabu tu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama njiani. Onchari alikuwa mtoto wa mama. Alikuwa pia ndugu yangu, niliyembeba mgongoni kila jioni.

"Sasa mama, iko sawa?" muuzaji akauliza.

Safari hii nilinusa kwanza.

"Bado," nikasema.

"Bado nini? Hiyo iko tayari kabisa." Nikamlipa. Alikuwa sahihi kuhusu kibuyu chake, nami sikuwa nikimjibu yeye, bali Kogo.