Nyota Iliyowaka Peke Yake

Surayya alikuwa na foronya kuukuu, na ndani ya foronya hiyo ndimo ulimokuwa utajiri wake wote. Miaka nenda rudi alikaa mbele ya fremu ya mbao akidarizi nguo za maharusi wa watu wenye nafasi pale mjini Faisalabad, na kila jioni, kabla ya kuinuka, alifagia kwa kiganja vyote vilivyodondoka: shanga zilizopasuka, puleki, ncha za nyuzi za dhahabu, vipande vya utepe visivyotosha hata kuzungushia mkono wa gauni. Mwenye karakana alimwachia, maana takataka ni takataka. Sharoon, mwanawe wa pekee, ndiye aliyekuwa akimcheka.

"Mama, wewe kunguru kabisa. Chochote kinachong'aa hakikupiti."

"Na huyo kunguru ndiye aliyekulea," alikuwa akimjibu.

Disemba ikiingia, foronya ilifunguliwa. Katika mtaa wao wa Wakristo kila nyumba hutundika nyota juu ya paa, nyota ya fito za mianzi iliyovikwa karatasi na kutiwa balbu ndani, na ilikuwa vigumu kuipata nyota isiyokuwa na kitu kutoka foronya ya Surayya. Wanawake walijazana barazani kwake wakigombania puleki za kijani, wakisutana na kucheka. Yeye mwenyewe alishona kengele za vitambaa, ndege wenye mikia ya nyuzi, na malaika wanene kuliko inavyompasa malaika kuwa. Kazi ya Sharoon ilikuwa kupasua mianzi na kupanda paani. Nyota yao ilitangulia kupanda, kisha mtaa mzima ukafuata. Hakuna aliyeupanga utaratibu huo, ila ulizoeleka.

Mwaka huu hakuja mtu kuomba masalio.

Sharoon alikuwa ameondoka majira ya kuchipua, kwenda kutafuta maisha Ulaya kwa njia ya baharini, kama vijana wengi wa kule. Kiangazi boti yao ikazama. Wapo waliookolewa, wapo waliopatikana wamekufa, na Sharoon hakuwa katika hawa wala wale. Maofisa walikuja wakachukua mate ya wazazi katika vichupa ili wayalinganishe na maiti zisizo na majina, wakaondoka, na tangu hapo kimya. Baba mtu, Inayat, aliyefagia stesheni ya reli maisha yake yote, alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akatoa jamvi alitandike nje ya mlango, watu waje kuwafariji kama desturi ilivyo. Surayya alilikunja jamvi na kulikalia.

"Unamwekea matanga mtu aliye hai?" alimuuliza. "Nionyeshe mwili, nami nitalia. Hakuna mwili, hakuna msiba."

Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumtajia kifo. Lakini watu wana njia zao. Mtaani pale, nyumba ikifiwa, majirani hawatundiki nyota, hawapigi ngoma wala hawaozeshi, mpaka waende katika nyumba hiyo na kuomba ruhusa. Na wafiwa wenyewe, Krismasi ya kwanza, paa lao hubaki tupu. Surayya alikaa barazani na foronya wazi mapajani, akawaona wanawake wakipita wamejifunika mitandio kwa baridi, wakimsalimu kwa heshima iliyopita kiasi. Wale wale waliokuwa wakimnyang'anya puleki mkononi! Ilimuuma kuliko tusi.

Jumapili moja ya Majilio wakaja wageni wawili: Yaqoob, anayeongoza waimbaji kanisani, na Elishba wa nyumba ya jirani, mjane ambaye ulimi wake haukuwahi kumhurumia mtu. Elishba alikunywa chai bila kulalamikia sukari, na hapo Surayya akajua kuna jambo.

Yaqoob alikohoa. "Mama Sharoon, tumekuja kukuomba ruhusa. Watoto wanaulizia nyota."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kutundika."

"Mwaka jana uliniomba?"

Yaqoob aliinamia kikombe chake.

"Ruhusa huombwa kwenye nyumba yenye msiba, Yaqoob. Umepotea njia."

"Mdogo wangu, hatukuja kugombana," alisema Elishba.

"Basi malizeni chai mwende."

Wakaenda, na ruhusa hawakupewa.

Siku ile ile Surayya akaanza nyota yake. Mianzi aliipasua mwenyewe, vidole vikachanika. Safari hii hakubana kitu. Aliimwaga foronya yote sakafuni, akachukua pindo jekundu la bibi harusi huyu, mashada ya nyuzi ya bibi harusi yule, na zile puleki za kijani cha kasuku alizozipenda Sharoon, ambazo mama mtu siku zote aliwagawia watu kwa kuhesabu. Inayat aliporudi kazini alikuta sakafu yote inametameta.

"Surayya, watu watasema umerukwa na akili."

"Waseme. Akirudi aikute nyumba yake giza?"

"Harudi, mke wangu." Alilisema taratibu neno hilo alilokuwa amelificha tangu kiangazi.

Surayya alitunga puleki nyingine, akakaza uzi. "Nishikie ngazi," alisema.

Naye akamshikia. Alimpenda mkewe, na hakujua ampe nini kingine.

Nyota ile ilikuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kupanda mtaani, na hapo simpambi mtu. Balbu ilipowaka, rangi zilimwagika hadi ukuta wa pili. Surayya alishuka ameridhika. Alijiambia kwamba mambo yamekwisha. Yake imetangulia, kesho watafuata wengine, kama miaka yote.

Kesho yake jioni mtaa ulikuwa giza. Alidhani umeme umekatika, maana kule umeme hukatika kama mchezo, hadi alipoinua macho akaona nyota yake inawaka. Jioni iliyofuata, vile vile. Watoto walisimama chini ya ukuta wake wakiikodolea macho, na mama zao wakaja kuwavuta mikono kuwarudisha ndani.

Surayya hakuvumilia. Alijitanda mtandio akaingia kwa Elishba bila hodi. Nyuma ya mlango aliona nyota imekamilika, imefunikwa shuka, na pembeni ya shuka umechomoza mkia wa mmoja wa ndege wake wa mwaka jana. Elishba alikuwa kwenye jiko la uani akikanda unga.

"Umeme si upo?"

"Upo."

"Sasa mbona giza?"

"Hujatupa ruhusa."

"Nimetundika yangu! Hamkuiona?"

"Tunaiona." Elishba aliacha kukanda. "Kila jioni tunaiona, na kila jioni tunalia humu ndani ili usitusikie. Mtoto yule amekula mikate ya jiko hili tangu hajaota meno. Wewe hutaki kumlilia, sawa, ni wako. Lakini usinitake mimi niwashe taa kama vile hajafa mtu."

Surayya alishika fremu ya mlango. Kutoka pale uani aliweza kuona mapaa ya mtaa mzima, meusi katika ukungu, na nyota moja tu juu ya yote. Alikuwa ameiwasha ili kila mtu ajue Sharoon yu hai. Na mtaa ulikuwa umemjibu, nyumba kwa nyumba. Wote walikuwa msibani isipokuwa mama yake.

 Elishba alirudi kwenye unga wake.

"Mwambie Yaqoob watundike," alisema mwishowe.

"Umeruhusu?"

"Nimeruhusu."

Alijua amesema nini. Alirudi kwake akipapasa ukuta, akapanda ngazi, akaichomoa waya na kuishusha nyota. Inayat alikuwa chini akimngoja. Surayya alimkabidhi nyota mikononi, akamwambia atoe jamvi.

Inayat hakuuliza liko wapi. Lilikuwa chini ya godoro lake Surayya, alikolilalia tangu kiangazi. Alilitandika nje ya mlango, na wakakaa juu yake wawili, chini ya paa lao tupu, wakisikia ngazi zikiegemezwa kuta za jirani na watoto wakiitana.

Nyota ya Elishba iliwaka ya kwanza. Mwenyewe akaja hapo hapo, unga ungali mikononi, akavua viatu, akakaa jamvini kando ya Surayya. Ndipo Surayya alipoanza kumlilia mwanawe.