Anwani ya Kau

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa Garsen jirani yetu huniuliza kama bado nina miguu. Ndiyo maana kikundi cha wakulima kilinipa kazi ya tovuti: nilikuwa na kompyuta, nimemaliza kidato cha nne, na sina pa kwenda.

Tovuti ilikuwa na anwani kuu, na chini yake kila kijiji na anwani yake ndogo: Kinakomba na maembe yake, wengine na mpunga wao. Siku hiyo kazi ilikuwa kuhakikisha kila anayefungua anwani ya zamani, isiyo salama, anapelekwa kwenye iliyo salama. Kuandika kanuni moja moja niliona uvivu. Nikaandika moja ya kuzoa anwani zote na kuzipeleka ukurasa wa mbele, wenye picha kubwa ya maembe, tena nikaifanya ya kudumu. Nilijiona injinia.

Nikasahau kijiji cha Kau. Anwani hiyo aliitunza dada yangu, akiweka rekodi za sauti yake kuwatahadharisha watu mto unapofura. Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike. Kila alasiri mama hufungua ukurasa ule, akamsikiliza, akamjibu.

"We mwana!" aliniita kutoka barazani. "Dada yako yuko wapi? Nikimbonyeza naletewa maembe."

Nikakimbilia kompyuta.

Nikaiondoa ile kanuni, nikaipa Kau cheti chake cha usalama na njia yake yenyewe. Kwenye kompyuta yangu dada akasema. Kwenye simu ya mama, maembe. Simu ilikuwa imeikariri ile kanuni ya kudumu. Nikamwambia itabidi nifute kumbukumbu za kivinjari chake.

"Ufute?" Akaificha simu chini ya leso. "Umeshampoteza mara moja. Wewe hata ukitumwa kufungia kuku, unawafungia nje."

"Sauti haiko kwenye simu, mama. Iko kwenye seva."

"Huko ni wapi?"

Sikuweza kumwonyesha. Nikamletea kompyuta asikie mwenyewe kwamba bado yupo. Ndipo akanipa simu, bila kuiachia. Tukafuta tukiwa tumeishika wote wawili.

"Maji yamefika mashambani," dada akasema. "Watoto na wazee watangulie."

"Nimesikia, mwanangu," mama akajibu. Kisha akaisogeza simu karibu na macho. "Na hili kufuli hapa juu ni la nini?"

"La usalama. Nimeliweka mimi."

"Na akitaka kutoka?"

Nilikuwa na jibu, la kitaalamu kabisa.  Badala yake nilikaa kando ya mama mpaka dada alipomaliza kusema.