Picha ya Baba Anna imeshika moto

Jumamosi mchana, Arusha.
Neema na wenzangu wote wa kikundi cha sala, leo nimemchoma marehemu mume wangu kwenye kompyuta.



Siku ya kugawa vitu vyake, wengine walichukua makoti, mimi nikaomba kompyuta. Ndani yake kuna picha moja tu ambayo Baba Anna anacheka, amebeba mkungu wa ndizi kule Akheri. Sina nakala.

Kompyuta imezeeka, kwa hiyo leo mdogo wake Elia amekuja kuniwekea Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Aliniapia picha hazitaguswa.

"Shemeji, wewe ndiyo kwanza unaanza. Chukua sura hii ya kawaida."

Lakini nilishaona nyingine, madirisha ya kwenye skrini yanatikisika kama maziwa mgando!

"Nipe yenye madoido."

"Haya, nakuwashia yote. Usinilaumu."

Alipotoka kunawa mikono, nikafungua picha. Nikamtazama. Nikafunga.

Jamani, ikawaka! Miali ya moto ikashuka kutoka juu, uso wake ukaisha wote.

Nikapiga yowe, nikang'oa waya ukutani.

Elia akaja mbio. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Shemeji, huo moto ni pambo la kufungia dirisha! Si umechagua mwenyewe?"

Mimi sikucheka. Tukawasha tena, nikaitafuta picha.

Yupo. Mzima.

Elia akainamia skrini. Kumbe hakuwahi kuiona.

Nikasogeza mkono niifunge.

"Usiifunge kwanza, shemeji."

Bado iko wazi ninapoandika haya. Mkimtaja kwenye sala zenu, nitajeni na mimi.