Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Nimefanya kazi na wajinga wa kila aina, na wengi wao niliwavumilia, maana mjinga anayejijua huuliza. Mkurugenzi hakuwa na tabia ya kuuliza. Alikuwa mkubwa wa ofisi moja ya serikali, amesoma Ulaya, na gari lake dogo jeupe alikuwa akilileta kwenye garaji yangu pale mtaa wa Asiatique kila ulipofika wakati wa kubadilisha mafuta ya injini. Ilikuwa miaka ya vita na vikwazo. Spea hazipatikani, mafuta mazuri yanaingia kwa kujificha kupitia mpaka wa Gatumba.

Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Filta mpya naijaza mafuta kabla ya kuifunga. Halafu nachomoa waya mnene wa koili ili injini isiwake, nazungusha stata kidogo, naacha, nazungusha tena, mpaka taa nyekundu ya mafuta izime. Hapo ndipo narudisha waya na kuwasha, bila kukanyaga pedali ya mwendo. Injini iliyotoka kumwagwa mafuta ni kavu ndani. Ukiiamsha kwa fujo, vyuma vinasagana kabla mafuta hayajavifikia. Kazi yote hiyo ni dakika tano.

Dakika tano zilimshinda Mkurugenzi.

"We fundi, moteri unaibembeleza kama bibi arusi," aliniambia siku moja, na wafanyakazi wake wawili wakacheka, kwa sababu walitakiwa kucheka. "Kule nilisoma, mutu anamwaga, anajaza, anawasha. Basi."

"Shefu, mi sikusoma kule. Mi najua hii moteri tu."

Mara iliyofuata alibadilisha mafuta mwenyewe, uani kwake, majirani wakimtazama. Najua kwa sababu alijisifu mwenyewe, Jumamosi asubuhi aliposimama mbele ya garaji akiwa na suti na tai, injini inanguruma. Mama mkwe wake, bibi wa makamo aliyejitanda imvutano, vazi jeupe la sherehe, alikaa kiti cha mbele. Walikuwa wanakwenda kwenye posa ya ndugu yao upande wa kusini, ng'ambo ya Kanyosha. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima.

"Nitolee hii balbu, inanisumbua macho," alisema.

"Shefu, zima kwanza. Niangalie chini, dakika moja."

"Apana. Ni mambo ya umeme. Mi nina haraka."

Nilikataa kugusa balbu. Akachukua plasta ya kidonda kwenye kisanduku cha dawa, akaibandika juu ya taa, akaondoka kwa kishindo. Mahali aliposimama paliachwa doa la mafuta mabichi.

Saa nane mchana mwendesha baiskeli alinijia na ujumbe: gari limekufa Kanyosha. Nilichukua kamba na pikapu. Siku hizo watu wa huko walikuwa wanashuka mjini na magodoro kichwani kila waliposikia risasi milimani, na saa kumi wanajeshi walikuwa wanafunga njia. Nilikwenda nikiwa na hasira, lakini nilikwenda.

Nilimkuta amepiga magoti kwa suti ile ile, mikono myeusi, akimweleza mwanajeshi kijana kwamba mafuta ya siku hizi ni mabaya. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe, viatu mkononi. Alikuwa amejaribu kutembea akashindwa.

"Baba fundi," aliniambia, "nimemuuliza tangu mjini, mukwe wangu, hii plasta ni ya kidonda gani? Akaniambia ninyamaze, moteri si mambo ya wanawake."

Milio miwili ya risasi ikasikika mbali, juu ya vilima. Bibi yule akainama. Mkurugenzi hata hakumtazama. Alikuwa anafuta viatu vyake. Hapo ndipo dharau yangu kwake ilipokamilika. Nilimpandisha mama yule mbele, pembeni yangu. Mwenye gari nilimwacha ashike usukani wa gari lake lililokufa, akavutwa kwa kamba mpaka mjini, mbele ya kila mtu.

Jumatatu nilifungua. Mpira wa kuziba wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umeganda kwenye injini, na yeye akafunga filta mpya, na mpira wake, juu yake. Mafuta yote yalivujia hapo. Beringi zilikuwa zimeyeyuka. Nilimwekea mipira miwili kiganjani.

Aliitazama sana. "Kwa hiyo hata kiwanda cha filta siku hizi kinaweka miwili," alisema.

Injini nyingine haikupatikana mpaka vikwazo vilipoondolewa. Ofisini alieneza kwamba mimi ndiye niliyemharibia gari. Muda wote huo alipita mbele ya garaji kwa miguu, akiangalia upande wa pili wa barabara. Nami nilitoka mlangoni kila asubuhi nikamwamkia kwa sauti kubwa, kwa cheo chake chote, mpaka akaanza kuzungukia njia ya sokoni.